Mtani Hahojiwi

Nilipomwambia mama kwamba nimejiandikisha kusoma shahada ya uzamili katika mbinu za utafiti wa jamii, aliuliza kama kweli mtu huenda chuo kujifunza kuuliza maswali. "Wewe tangu hujaota meno vizuri ulikuwa unauliza," alisema. "Nilikuwa nakupa karanga ili unyamaze." Nilimjibu kwa ukali kidogo, maana ndivyo nilivyo, kwamba kuuliza ni jambo moja na kuhoji ni jambo jingine. Akaendelea kumenya viazi vyake kama mtu ambaye hajajibiwa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Songea. Tunaishi Ruhuwiko, mimi na mama, ambaye nilimleta kutoka Iringa magoti yake yalipoanza kumsumbua. Sisi ni Wahehe. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa zaidi, keshaanza kutabasamu, lakini asiyetoka huku naomba anivumilie. Wangoni, wenyeji wa hapa, na Wahehe walipigana enzi za mababu mpaka wote wakachoka, na katika vita vile ukazaliwa utani. Sokoni, mama anayeniuzia nyanya hunisema kwanza, kisha ndipo anipimie, na akishanisema vizuri huongeza nyanya juu. Kwenye msiba wa Wangoni naweza kuingia kwa kelele, nikamfokea marehemu kwa nini ameondoka bila kuaga, na hakuna atakayenuna. Watu watacheka huku machozi yakiwatoka. Nilikuwa nimeishi Songea miaka mingi na nimeyazoea hayo, tena nayapenda. Ila nilidhani utani una mahali pake, na kwamba utafiti si mojawapo.

Masomo yalikuwa Jumamosi, katika kituo cha chuo kilichopo mjini. Tulikuwa wachache: muuguzi, mfanyakazi wa benki, bwana shamba mmoja mpole, na sisi walimu. Mhadhiri wetu wa mbinu, ambaye baadaye alikuwa msimamizi wangu, alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mrefu, anayesema polepole kama anayetafuta chawa katika kila neno. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiota. "Mtafiti akiingia nyumba ya mtu awe kama hana kwao. Asichekeshe, asibishe, asinune. Ukimchekesha mtu, atakupa jibu la kukufurahisha." Niliipenda sheria ile. Mtu mwenye hasira za karibu na ulimi mwepesi kama mimi akiambiwa kwamba kwa saa moja hatakiwi kuwa mtu yeyote, husikia kama amepewa likizo.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wangu wa mwisho, nataka kusema wa mwisho kweli kweli. Nilikuwa nimeshaomba muda wa nyongeza mara moja, kwa sababu shule ilinipa madarasa ya mtihani yote, na ofisi ya chuo iliniambia bila kupepesa macho kwamba nyongeza ya pili haipo. Nisipotetea tasnifu yangu ndani ya mwaka ule, jina langu lingefutwa na kila nilichosoma kingekuwa bure. Na shahada ile niliitaka kwa moyo wote. Sitasema uongo kwamba sikutaka cheo, nani anakataa cheo? Lakini nilikuwa nimefundisha ramani kwa miaka, nikiwaonyesha watoto mipaka ya nchi ambazo mguu wangu haujakanyaga, na nilitaka angalau mara moja nigundue kitu mwenyewe, kitu ambacho hakimo katika kitabu cha mtu, hata kiwe kidogo kama punje.

Nilichagua kuchunguza jinsi kaya zinavyoamua mahindi kiasi gani yauzwe na kiasi gani yabaki ya kula. Kila mwaka huku mavuno huwa mazuri, na kila mwaka katika shule yetu kuna watoto ambao ikifika Februari wanasinzia kwa njaa. Nilitaka kujua mahindi huenda wapi hapo katikati. Nikapata kijiji upande wa Mpitimbi, nikapata vibali, nikachapisha madodoso, na wakati wa baridi, magunia yanaposhonwa, nikapanda pikipiki yangu nikiwa na sweta mbili na kwenda.

Mwenyekiti wa kijiji alinipokea kwa heshima na kunipeleka nyumba ya kwanza. Alikuwapo bibi mmoja amekaa kwenye jua la asubuhi, akichambua dagaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kigoda hicho."

Kila kitu kilikwenda kama kitabu kinavyotaka mpaka nilipoanza kusoma maelezo ya ridhaa. Maadili ya utafiti yanadai mtafiti ajitambulishe kikamilifu, jina lake lote na anakotoka, ili mhojiwa ajue anazungumza na nani. Nikasoma jina langu lote. Jina langu la ukoo haliwezi kuwa la mahali pengine duniani isipokuwa Iringa. Bibi aliacha dagaa wake. Nikaona jicho lake linabadilika, kutoka jicho la mzazi kuwa jicho la mtoto mtukutu.

"Rudia hilo la mwisho," alisema.

Nikarudia.

"Jamani!" akapiga kelele kuelekea kwa jirani. "Njooni muone! Mhehe amekuja kuhesabu mahindi yetu! Babu zake walishindwa kuyachukua kwa mkuki, sasa wamemtuma huyu na karatasi!"

Majirani walikuja. Nilijikaza, nikauliza swali la kwanza kwa sauti yangu ya kutokuwa na kwetu. "Bibi, katika kaya hii nani huamua mahindi yauzwe lini?"

"Aliyekuwa anaamua ni mbwa wetu," alisema. "Lakini alipokuona unashuka kwenye pikipiki amekimbilia porini. Anajua kwenu anaitwa kitoweo."

"Na huwa mnabakiza kiasi gani cha kula?"

"Cha kumtosha Mngoni. Akija Mhehe tunampikia mawe, anakula hajui tofauti."

Waliangua kicheko, na mimi nikauma midomo. Kila chembe ya mwili wangu ilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu, tena zuri, limekaa kwenye ncha ya ulimi, lakini sheria ilikuwa sheria. Katika dodoso nikaandika "jibu halikufaa", nikashukuru, nikaenda nyumba ya pili.

Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Nyumba ya pili walikuwapo mume na mke, wamenisubiri mlangoni kama wanaosubiri harusi. Nilipouliza kuhusu upotevu wa mahindi ghalani, mke alisema nyumba yao ina panya mmoja mkubwa sana. "Anavaa suruali," alisema akimtazama mumewe. "Jioni anatoka na debe, akirudi anaimba." Mume alicheka mpaka akashika ukuta. "Muulize na paka," alisema. "Paka wa nyumba hii hakamati panya, kazi yake ni kugeuza mahindi kuwa vitenge." Nikaandika halikufaa, halikufaa. Nyumba nyingine mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani kwa ajili yangu, na hakunipa hata sentensi moja iliyonyooka. Mwenyekiti mwenyewe, ambaye ofisini alikuwa amenyooka kama rula, nilipofika kwake aliniambia hawezi kutaja idadi ya magunia mbele ya adui.

"Jamani, tuweke utani pembeni," nilimwomba. "Hii ni kazi ya chuo."

"Utani pembeni!" alisema, na alionekana kusikitika kweli. "Dada yangu, mtani hahojiwi. Angekuja mtu mwingine na maswali haya, ningemjibu kwa adabu zote. Wewe nikikujibu kwa adabu, si nitakuwa nimekufukuza?"

Nilirudi siku nyingine na nyingine, na kila siku ilikuwa sherehe yao na msiba wangu. Nilifika nyumbani Ruhuwiko nikiwa nimejaa vumbi na hasira, nikavua viatu kwa kuvirusha, na mama akauliza kama ni mimi au ni mwizi.

Nilipoingiza majibu kwenye kompyuta na kumpelekea msimamizi, alinikaribisha kiti kwanza, dalili mbaya. Akageuza kompyuta ili na mimi nione. Safu baada ya safu, halikufaa.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni utani, Dokta."

"Hii yote?"

"Yote."

Alivua miwani akajifuta macho. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali. Alisema kwa upole kwamba data hapa hamna, na kwamba nifikirie kuanza upya mahali ambapo mimi ni mgeni wa kawaida, labda Tunduru, niulize habari za korosho badala ya mahindi. Nilimwambia Tunduru ina maana ya pendekezo jipya na vibali vipya, na shule haitaniruhusu, na mwaka utakuwa umekwisha. "Basi mtume mtu akuulizie," alisema. "Mtu asiye Mhehe." Hilo liliwezekana, na wengi hufanya hivyo. Lakini kijiji kizima kilishajua maswali ni ya nani, na zaidi ya hapo, niseme tu ukweli, liliniuma. Nilikuwa nimengoja miaka yote hiyo kugundua kitu kwa mdomo wangu, nikaambiwa niazime mdomo wa mtu.

Nikapanda pikipiki nikalia njia nzima. Kulia ndani ya helmeti ni njia nzuri ya kulia mjini, watu wanakusalimia na wewe unapunga mkono.

Siku zile mama alikuwa amepata mchezo mpya. Mahojiano yote nilikuwa nimeyarekodi kwenye simu, kwa ridhaa yao, na yeye alikuwa akiniomba nimfungulie asikilize. Wangoni walikuwa wakimfurahisha kuliko redio. Aliwajibu kwa Kihehe, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alilalamika kwamba binti yake amekaa kimya kama gunia wakati ukoo wake unatukanwa. Jumapili moja alasiri alikuwa ukumbini anachambua maharage, na mimi nimejilaza kwenye mkeka nikitafuta namna ya kukiambia chuo kwamba nimeshindwa. Nilimfungulia sauti moja ili asinisemeshe.

"Hii ulishaniwekea," alisema baada ya muda. "Weka nyingine."

"Sijakuwekea."

"Ya panya anayetoka jioni? Umeniwekea juzi. Yule mwenye suruali."

"Mama, huyo alikuwa nyumba nyingine. Huyu ana baiskeli."

"Na jana?"

"Jana alikuwa na kofia."

"Basi panya wa kijiji hicho wamestaarabika," alisema mama, akarudi kwenye maharage. Yeye alikuwa amechoshwa tu na hadithi za kujirudia, hakuwa na jingine.

Mimi niliketi. Nikafungua sauti nyingine, na nyingine. Nyumba ambazo hazipakani, wanawake ambao hawakuwapo nilipowahoji wenzao, na kila mmoja, akiwa anajitungia mzaha wake mwenyewe wa kumwonea Mhehe, alikuwa ametunga ule ule: kuna anayechukua mahindi ghalani jioni, na huanza wiki zile malori ya wanunuzi yanapoegeshwa kijijini. Wanaume nao walikuwa na paka wao, wachawi wao, na kuku wao wanaotaga chini ya kitanda cha mke, na ukiwasikiliza wote walisema jambo moja: mke naye anaficha, kwa sababu anajua mume anatoa. Kila mmoja anaharakisha kuuza kabla mwenzake hajauza. Ndiyo maana hakuna kinachofika Februari.

Hakuna mwanamke ambaye angemwambia mtafiti hayo mbele ya mumewe. Angesema, "Tunaamua pamoja," ndivyo wanavyosema katika kila ripoti niliyowahi kusoma. Lakini kumwambia mtani, mbele ya mume, mbele ya jirani, wakati wote wanacheka, hilo waliweza, na waume walikuwa wamejibu pale pale. Nilikuwa nimeshuhudia ndoa za kijiji kizima zikijadiliana, na nimeandika kwamba majibu hayakufaa.

Furaha iliyonipata sijui niiseme vipi. Nilimkumbatia mama mpaka maharage yakamwagika sakafuni, akanitukana tusi zima la Kihehe, na tukayaokota pamoja nikiwa nacheka peke yangu.

Msimamizi hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasikiliza na sauti, akatembea mpaka dirishani.

"Unataka kuniambia uache kuwa mtu asiye na kwao," alisema.

"Hawakunikubalia hata siku moja, Dokta. Na kupotea njia ndiyo kujua njia."

"Kamati haipokei methali, Mwalimu."

Lakini alirudi akaketi, akachukua kalamu. Masharti yake yalikuwa haya: nirudi kijijini niwaambie waziwazi kwamba utani wao nataka kuufanya kuwa ushahidi, na niombe ridhaa upya. Kisha niandike sura nzima kueleza nitajuaje utani upi ni wa kweli na upi ni wa kuchekesha tu. "Na siku ya kutetea utakuwa peke yako," alisema. "Mimi nitakuwa nimekaa tu pale, naomba Mungu."

Nilirudi. Safari hii mwenyekiti aliwaita watu uwanjani kwake, na walipokusanyika nilisimama nikavua helmeti. "Wangoni," nilisema, "nimerudi. Nimeyaona mahindi yenu. Mara ya kwanza sikujua kama ni mavuno, nilidhani mmemwagia kuku." Kelele zilizopigwa pale, nadhani hata Mpitimbi walisikia. Bibi wa dagaa alisimama akacheza. Walikuwa wameningoja kumbe, tangu siku ile ya kwanza walikuwa wananirushia na mimi sirudishi, na kumrushia mtu asiyerudisha kunachosha.

Walipotulia niliwaeleza sawasawa: nilichorekodi, nitakachoandika, kwamba jina la mtu halitakuwapo, na kwamba asiyetaka aniambie nifute. Walikubali kwa kishindo. Lakini wakati naondoka, mwanamke mmoja alinifuata nyuma ya jiko. Wa kwake ulikuwa utani bora kuliko wote nilioupata, niliupanga uanzishe sura ya tano. "Wa kwangu ufute," alisema. "Siku ile alicheka. Ulipoondoka na majirani wakaondoka, hakucheka tena." Nilitoa simu nikaufuta mbele yake, akaangalia mpaka ukapotea. Sikumwuliza zaidi. Niliendesha polepole kurudi mjini nikiwa na moyo mzito, na katika tasnifu niliandika ukurasa kuhusu utani unaoishia pale wageni wanapoondoka.

Kazi iliyofuata ilikuwa tamu. Nilianza mimi kuchokoza, wakajibu, na ndani ya kujibizana nikapenyeza swali. "Huyo panya wenu hutoka msimu gani?" "Akisikia mlio wa lori." "Na paka hulala wapi usiku huo?" "Juu ya gunia, wee, hashuki." Na kicheko kilipokuwa kinakwisha, wakati watu wanafuta macho na kuvuta pumzi, mara nyingi mtu alisema kitu kwa sauti ya chini, kilichonyooka kabisa. Bibi wa dagaa aliniambia, bado mabega yanatikisika, "Ila mwanangu, kuna mwaka tulikula pumba." Nilijifunza kusubiri kimya hicho. Utani uliosemwa nyumba moja tu niliuacha. Uliosemwa nyumba nyingi, na baada ya kicheko ukasemwa tena bila kicheko, huo niliuandika. Hiyo ndiyo ikawa sura yangu ya mbinu.

Mvua zikaja, nikaandika. Nilisahihisha madaftari ya wanafunzi asubuhi na sura zangu mchana, na mwaka ukaenda mbio kuliko mimi. Siku ya kutetea ilipopangwa, muda wangu wa usajili ulikuwa ukingoni. Nikishindwa, hakuna kurudia.

Mtahini wa nje alikuwa profesa mmoja mzee, ambaye jina lake la ukoo ni la Kingoni lisilo na shaka. Nilipoliona kwenye ratiba nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Msimamizi hakufurahi, maana alimjua kuwa amewarudisha wengi. Asubuhi ile mzee aliingia, kichwa cheupe, koti la kijivu, akasikia mwenyekiti wa kamati akisoma jina langu lote, ukoo na yote. Akanitazama. Nikajiandaa.

"Habari za asubuhi," alisema, akafungua jalada lake.

Basi. Katika miaka yangu yote ya Songea sijawahi kumwona Mngoni aliyesikia jina langu akaniacha nipite salama. Wauza nyanya, mapadri, askari wa barabarani, wote walinisema kwanza. Mwenyekiti wa kijiji alikwisha kunieleza maana ya kujibiwa kwa adabu, na mzee huyu alikuwa na adabu tupu. Nikajua ameisoma tasnifu na ameona haifai hata kwa mzaha.

Aliniuliza kwa muda mrefu. Mtu akikutania uongo utajuaje? Mtafiti anayetaniwa ameshakuwa sehemu ya jibu, hilo umelipimaje? Asiye mtani akitaka kurudia utafiti huu afanyeje? Nilijibu. Mara moja hasira yangu ya karibu ilinitoka, nikamwambia kwamba yule anayejibiwa "tunaamua pamoja" naye ni sehemu ya jibu, ila hajui. Msimamizi alifumba macho. Mzee aliandika kitu, hakuinua uso.

Walitutoa nje ili wajadiliane. Kwenye kibaraza msimamizi alisema, "Umejibu vizuri," kwa sauti ile tunayotumia kuwapa watu pole. Nilitazama watu wakipita barabarani na vikapu vyao, na nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia mama. Niliogopa. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa watu, na nilikuwa nahesabu vikapu vile kama mtoto.

Tulipoitwa ndani, mwenyekiti wa kamati alirekebisha karatasi zake ili asome. Kabla hajafungua mdomo, mzee akasimama. Akazunguka meza taratibu mpaka nilipokuwa. Mbele yangu palikuwa na nakala yangu mwenyewe ya tasnifu, niliyoijalidi kwa rangi ya bluu kwa ajili ya mama. Akaichukua, akaiweka kwapani, akarudi akaketi.

"Hiki nimekichukua," alisema. "Mhehe, una la kusema?"

Msimamizi wangu aliinuka nusu. "Profesa, samahani, hiyo ni nakala yake binafsi, za kamati ziko..." Mzee hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi, na jicho lake lilikuwa limebadilika.

Wazee wetu walikuwa na desturi ambayo siku hizi haionekani sana. Mtani akifika kwako akapenda kitu chako, alikichukua mchana kweupe, ukimwona, na hukuwa na baraza la kumshtaki. Alichukua jogoo mnono, shuka mpya, mkungu wa ndizi uliokuwa unauhesabia siku. Katika hadithi zote nilizosikia tangu utotoni, sijasikia hata siku moja mtani aliyepokonya kuku aliyekonda.

Mwenyekiti wa kamati alisoma uamuzi, kwamba nimefaulu na kuna masahihisho madogo, lakini alikuwa ananiambia kitu nilichokwisha kuambiwa. Msimamizi alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili na kuutikisa, akiuliza kwa kunong'ona hiyo nakala sasa inakuwaje. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Wezi nyie," nilimwambia mzee. "Ndiyo kazi yenu tangu zamani."

"Ndiyo," alisema, akiikumbatia tasnifu yangu vizuri zaidi. "Sasa nenda ukaandike nyingine. Tutakuja kuichukua nayo."